Wakili wa Serikali na Karatasi Zilizofungwa

Katika nyumba zetu, kijana akisema kwamba amechagua kusoma sheria, wazee hufurahi. Akiongeza kuwa ataka kuwa wakili wa serikali, furaha huzidi, kwani kazi ya serikali ina heshima na mshahara wake ni wa uhakika. Walakini ni wachache miongoni mwetu wanaokaa chini wakamuuliza kijana huyo kama aijua mitihani ya kazi yenyewe. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, khasa vijana walioko vyuoni na wazazi wao, juu ya mtihani mmoja ulio mkubwa. Nao ni ule unaompata wakili wa serikali anapokabidhiwa karatasi zilizopigwa muhuri wa siri, kisha akaambiwa: "Nenda mahakamani, ukaseme kuwa karatasi hizi zikifunuliwa nchi itaingia khatarini."

Jambo hili haliko mbali nasi. Tanzania inayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayolinda siri za dola. Na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kenya nayo, Katiba yake ya mwaka 2010 imempa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Sheria hizi za kufungua khabari zimeacha nafasi ya kuzifunga pale usalama wa nchi unapokhofiwa. Basi raia akiomba karatasi na ofisi ikakataa kuitoa, mara nyingi ni wakili wa serikali anayeulizwa: Je, kukataa huku kuna haki?

Hatusemi kuwa siri ya dola ni kitu kibaya. Kila msomaji wetu aijua khabari ya Hatib bin Abi Balta'a, ambaye kabla ya kufunguliwa Makka aliandika barua kwa siri kuwapasha Makureshi khabari ya safari ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Barua ile ilifuatwa njiani na kurudishwa, kwani lau ingalifika, damu nyingi ingaliweza kumwagika. Kwa hiyo twakubali kwamba yako mambo ambayo mwenye kuyatangaza huwakhini watu wake. Lakini tukumbuke pia kwamba barua ile ilisomwa, na Hatib akaitwa, akaulizwa sababu, akasikilizwa, ndipo likatolewa neno juu yake. Hakuna aliyehukumu kwa kuitazama bahasha tu.

Ili tuone vizuri mtihani huu, natutazame mambo mawili yaliyotukia Marekani. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu moja: karatasi zilizofichwa katika kesi hizo mbili zilikuja kufunguliwa baada ya miaka mingi, na leo twaweza kupima yaliyosemwa mahakamani kwa yaliyokuwamo ndani yake.

La kwanza ni la wajane watatu. Tarehe 6 Oktoba 1948, ndege ya kijeshi ya aina ya B-29 iliruka katika jimbo la Georgia kwenda kujaribu vyombo vya siri. Injini mojawapo ikashika moto, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Waycross. Kati ya watu 13 waliokuwamo, 9 walikufa. Watatu kati ya hao waliokufa walikuwa wahandisi wa kiraia, nao wake zao wakaishitaki serikali, wakiomba waonyeshwe ripoti ya uchunguzi wa ajali ile, wapate kujua waume zao walikufa kwa sababu gani.

Serikali ilikataa. Waziri wa Jeshi la Anga aliandika kwamba ndege ile ilikuwa katika kazi ya siri kubwa, na kwamba kuitoa ripoti hakungekuwa kwa maslaha ya umma. Jaji wa Philadelphia hakusema ripoti itangazwe magazetini. Aliamuru aletewe yeye peke yake aisome, apate kuamua. Mawakili wa serikali wakakataa hata hilo. Jaji akawapa wajane haki, akaamuru walipwe jumla ya dola 225,000, na mahakama ya rufaa ikamwunga mkono mwaka 1951. Lakini mwezi wa Machi 1953, Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilizitengua hukumu hizo. Ilisema kuwa pakiwapo khatari ya kweli kwa siri za kijeshi, jaji asishikilie kuona karatasi hata akiwa peke yake. Kesi ikafunguliwa njia hivyo bila jaji hata mmoja kuisoma ripoti. Wajane wakachoka, wakakubali sulhu ya dola 170,000.

Yakapita miaka mingi. Katika miaka ya 1990 ripoti ile iliondolewa muhuri wa siri, na mwaka 2000 binti wa mmoja wa marehemu, aliyefiwa na baba akiwa mtoto mchanga, akaipata. Alikuta nini? Alikuta kwamba vifaa vya kukinga joto la injini, ambavyo amri za jeshi zilitaka vifungwe, havikufungwa. Na kwamba wale wahandisi wa kiraia hawakufundishwa ipasavyo namna ya kujiokoa. Ama juu ya vile vyombo vya siri, hayakuwamo maelezo ya kumpa adui faida. Jamaa wa marehemu walirudi mahakamani, lakini mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilikataa kuifungua kesi upya, ikisema kuwa maneno ya serikali ya zamani yaweza kufahamika kwa maana isiyokuwa ya udanganyifu. Sisi twalinukulu hilo kwa insafu. Lakini twauliza: Mjane aliyelea watoto wake miaka hamsini bila kujua kilichomwua mumewe, ni siri gani ya nchi iliyolindwa kwa machozi yake?

Na ubaya haukuishia kwa wajane hao watatu. Hukumu ile ya 1953 ikawa msingi ambao serikali za Marekani zimeutegemea tangu wakati huo, kila zinapotaka kuzuia ushahidi mahakamani kwa jina la siri za dola. Msingi mzima umejengwa juu ya karatasi ambayo majaji walioutia hawakuifungua.

La pili ni la wakili mwenyewe. Mwaka 1967 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, aliamuru iandikwe tarikhi ya siri ya namna nchi yake ilivyoingia katika vita vya Vietnam. Kazi hiyo ikatoka vitabu 47, kurasa kama 7,000, vyote vikapigwa muhuri wa siri kuu. Mmoja wa walioshiriki kuiandika, Daniel Ellsberg, aliona kuwa raia walikuwa wakiambiwa jambo moja na wakuu wakijua jingine. Akazinakili kurasa hizo, na gazeti la New York Times likaanza kuzitangaza tarehe 13 Juni 1971. Hata yeye alivizuia vitabu vinne vilivyohusu mazungumzo ya kutafuta amani. Serikali ikakimbilia mahakamani kulizuia gazeti hilo, kisha na gazeti la Washington Post.

Aliyesimama kuitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu alikuwa Erwin Griswold, mtu mzima mwenye heshima, aliyekuwa mkuu wa chuo cha sheria cha Harvard kwa zaidi ya miaka 20. Mahakama ilikubali kuisikiliza kesi siku ya Ijumaa, tarehe 25 Juni, na kesho yake asubuhi alitakiwa asimame kuzungumza. Hakuwa na wakati wa kusoma vitabu vyote. Aliwaita wakuu wa ulinzi na wa mambo ya nje, akawataka wamwonyeshe mahali penye khatari khasa. Wakamtajia mambo mengi. Yeye akayatazama moja moja, akaona mengi hayana uzito, akapunguza mpaka yakabaki 11 tu, na hayo ndiyo aliyoyaandika katika hati ya siri kwa majaji. Tarehe 30 Juni mahakama ikatoa hukumu, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba serikali haikuleta sababu ya kutosha ya kuyazuia magazeti.

Khabari ingaliweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1989, miaka 18 baadaye, Griswold akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, aliandika makala katika Washington Post, gazeti lile lile alilolipinga mahakamani. Alikiri kuwa hajaona dalili yoyote ya madhara yaliyoipata nchi kwa kutangazwa kurasa zile. Akasema kuwa mtu aliyezizoea karatasi za namna hiyo atambua upesi kwamba muhuri wa siri hupigwa kupita kiasi, na kwamba wanaoupiga mara nyingi hukhofia zaidi aibu ya serikali kuliko usalama wa nchi. Hakusema kuwa hakuna siri kabisa. Alikubali kuwa mipango na mazungumzo yanayoendelea yaweza kufichwa kwa muda, na vile vile habari za ndani za silaha. Na mwaka 2011, serikali yenyewe ilivifungua vitabu vyote, watu wakavisoma.

Sasa, enyi vijana wetu, tazameni tofauti iliyoko kati ya kesi hizi mbili. Katika ya kwanza, jaji alinyimwa ripoti, na neno la mkuu likachukuliwa mahali pa ushahidi. Katika ya pili, wakili alitaka kuonyeshwa, akapepeta, akapunguza, na mwisho akawa na ujasiri wa kukiri. Twamheshimu Griswold kwa kukiri kwake. Lakini twasema pia kwamba kukiri baada ya miaka 18 ni bora kuliko kunyamaza, na kukataa siku ile ile ni bora zaidi. Yeye mahakama ilimwokoa, kwani alishindwa. Wakili aliyewashinda wale wajane hakuwa na wa kumwokoa.

Wamarekani wenyewe walijifunza kitu. Walikuwa na sheria ya kupata khabari tangu mwaka 1966, lakini mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kuwa chini ya sheria hiyo jaji hana ruhusa ya kuzikagua karatasi zilizopigwa muhuri wa siri. Mwaka uliofuata, bunge lao likaibadili sheria, ijapokuwa Rais Ford aliikataa, na majaji wakapewa idhini ya kuzisoma faraghani na kupima kama muhuri ulipigwa kwa haki. Hiyo ndiyo njia ya katikati: siri haimwagwi barabarani, wala haiachwi bila ya mtu mwaminifu kuitazama.

Basi kijana wetu atakayeifanya kazi hii, twamwusia mambo matatu. Kwanza, asiseme mbele ya jaji kwamba karatasi ina khatari, naye hajaisoma. Mkuu wake akimwambia "weka sahihi tu, hapana haja ya kusoma," ajue kuwa ameombwa ushahidi wa jambo asilolishuhudia. Pili, ajiulize: Nikiifunga karatasi hii, nalinda nchi au nalinda aibu ya mtu? Kama ni kosa la afisa, la fundi au la waziri, hilo si siri ya nchi. Ni haki ya aliyedhulumiwa. Tatu, akikuta siri ya kweli, ailinde kwa moyo wake wote, asiitoe barazani wala kwa rafiki, kwani amana ni amana, na aliyeapa kutunza hana ruhusa ya kujigamba kwa ayajuayo.

Twajua kuwa usia huu una gharama. Wakili atakayekataa kuweka sahihi yake aweza kunyimwa cheo, akahamishwa, au akatakiwa ajiuzulu. Hapo ndipo tunapowageukia ninyi wazazi. Mwanao akirudi nyumbani jioni akakwambia, "Mama, leo nimekataa kusema nisilolijua, na huenda kazi ikapotea," utamjibu nini? Ukimwambia, "Nawe ungalinyamaza tu, wenzio mbona wanyamaza," basi wewe ndiwe uliyeweka sahihi ile kwa mkono wake. Na ukimwambia, "Keti ule, mwanangu, riziki haiko katika kalamu ya mkuu wako," umempa nguvu ya kurudi kesho na kusema vile vile.

Malezi hayo hayaanzi siku ya kuapishwa uwakili. Yaanza mtoto anapovunja bakuli, akaulizwa na akasema kweli, nasi tukamsikiliza kabla ya kumpiga. Mtoto aliyezoea kuona makosa ya wakubwa yakifunikwa kwa jina la heshima ya nyumba, akikua atayafunika ya wakubwa wa ofisini kwa jina la heshima ya nchi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, ajuaye ya siri na ya dhahiri, awape vijana wetu elimu yenye manufaa na ulimi wa kweli, na awape wazazi wao subira ya kusimama nao. Wabillahi tawfiq.