Mama anayekaripiwa leba yumo hatarini

Akina mama wa Kayole, Dandora na Umoja wanaofika katika kliniki yangu baada ya kujifungua hunipa habari moja kwa maneno tofauti. Mmoja alitukanwa, mwingine alipigwa kofi pajani, mwingine aliulizwa mbona siku ya kutafuta mimba hakulia hivyo. Wakimaliza hucheka kidogo na kusema: "Lakini daktari, mtoto yuko salama, tushukuru Mungu." Hapo ndipo mimi hutofautiana nao.

Msomaji, matusi katika chumba cha kuzalia tumeyazoea kama tulivyozoea foleni. Mimi nayahesabu kuwa hatari ya kiafya, sawa na mkasi usiochemshwa. Mama aliyekemewa mara mbili haiti muuguzi mara ya tatu, na huenda hiyo ya tatu ndiyo ya damu.

Mama akishajifungua, mji wa mimba hupaswa kujikaza ili mishipa pale kondo la nyuma lilipobanduka izibe. Usipojikaza, mama anaweza kufa katika muda wa saa chache. Damu ikizidi nusu lita tayari ni shida, na si rahisi kuikadiria kwa macho kwa sababu hunywewa na shuka na godoro. Mwaka wa 2023 utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba kumtandikia mama karatasi ya nailoni yenye alama za kupimia damu, na kumtibu papo hapo ikizidi, kulipunguza visa vibaya kwa asilimia 60 hivi. Ni jambo la kufurahisha. Lakini karatasi hiyo huondolewa mapema. Baadaye, huko wadini, kipimo ni mdomo wa mama mwenyewe.

Namkumbuka muuza mboga mmoja aliyejifungulia mtoto wake wa pili katika hospitali ambayo sitaitaja. Saa nne hivi baadaye alihisi shuka limelowa. Alikuwa amekwisha kuambiwa aache kusumbua watu, basi akanyamaza. Aliyepiga kelele ni mwenzake waliyelala naye kitanda kimoja. Aliongezwa damu, akapona. Nilipomwona wiki tatu baadaye viganja vyake vilikuwa vyeupe, naye akitaka kujua kwa nini anasikia kizunguzungu akipanda ngazi.

Nitaambiwa kwamba wauguzi ni wachache, na ni kweli. Ada za uzazi zilipoondolewa katika hospitali za serikali tarehe 1 Juni 2013, akina mama walifurika nao wahudumu wakabaki wale wale. Uchovu unaeleza kwa nini mama alicheleweshwa. Kofi haulielezi. Agosti mwaka huo huo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, na badala ya kusaidiwa akapigwa na kutukanwa kwa kuchafua sakafu. Machi 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Karibu miaka mitano alikuwa akisubiri!

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu amtakaye kando yake wakati wa uchungu. Hospitali nyingi zetu humwacha dada au mama mkwe langoni, zikisema wadi ni ya wazi na wengine wataonekana uchi. Pazia lingemaliza hoja hiyo, na bei ya pazia Gikomba sote twaijua.

Kwa hivyo uliza mapema, ukiwa bado unahudhuria kliniki: je, naruhusiwa kuja na mtu? Ukikataliwa kila mahali, elewana na wa kitanda cha pili kwamba mtatazamana. Shuka likilowa, ukiona giza machoni, au kichwa kikiuma sana, ita; ukikaripiwa, ita tena. Na ukidhulumiwa, andika siku, saa na jina lililo kifuani mwa aliyekuhudumia, kisha upeleke barua kwa msimamizi wa hospitali na nakala kwa Baraza la Wauguzi, au la Madaktari ikiwa aliyekosa ni daktari mwenzangu. Bakia na nakala moja.