Nakilini diski za kale kabla wasomaji wake hawajaisha

Mtu akichomeka kwenye kompyuta ya Windows diski iliyotoka kwenye seva ya Sun ya miaka ya 1990, huenda akaulizwa swali moja tu: diski hii inabidi ifomatiwe, tuendelee? Akibofya ndiyo, amelichoma ghala kwa kuwa hakuona ufunguo. Diski yenyewe ni nzima na kilichomo kimo. Aliyekosekana ni wa kukisoma.

Waswahili hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na SOAS kule London, wanatunza hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msomi wa leo mwenye shahada mbili ataishika karatasi hiyo, iliyojaa lugha ya bibi yake, asiambulie hata mstari mmoja. Mwandishi alianzia kulia. Msomaji amefunzwa kuanzia kushoto.

Diski za Unix, mfumo ulioendesha seva kama hiyo ya Sun, zina mvutano huohuo. Tuseme kompyuta inahifadhi namba 12345678, na kila jozi ya tarakimu ni baiti moja. Mashine za Sun zenye chipu ya SPARC, na zile nyeusi za NeXT, ziliiandika 12 34 56 78. Kompyuta za Intel huanzia mkiani: 78 56 34 12. PDP-11, mashine iliyoilea Unix tangu ikiwa changa, ilikuwa na desturi ya peke yake: 34 12 78 56. Programu isiyozijua desturi hizi itasoma ukubwa wa faili la kurasa mbili, ikadhani ni la mabilioni ya baiti, kisha ikakata tamaa.

Fundi aliyepewa diski isiyo na lebo anaweza kuanza na alama ndogo inayopendeza. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD, kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilikuja na mpango mpya wa kupanga mafaili, ambao vizazi vyake vilienea kwenye mashine za Sun, NeXT na nyinginezo. Kwa kawaida bloku kuu ya mpango huo hukaa baiti 8,192 toka mwanzo wa sehemu ya diski. Ukisogea mbele baiti nyingine 1,372 unakuta 00 01 19 54. Marshall Kirk McKusick, mmoja wa waliouandika, alizaliwa Januari 19, 1954. Diski ikiwa imetoka kwenye mashine ya Intel, siku hiyo ya kuzaliwa inasomeka kinyumenyume, 54 19 01 00, na fundi anajua mara moja ameshika upande gani.

Linux inaijua tarehe hiyo. Amri ya mount -t ufs -o ro,ufstype=sun, ikifuatiwa na jina la diski na la folda, inatosha kuyaonyesha mafaili ya Sun kana kwamba yako kwenye flashi iliyonunuliwa jana; neno sun likibadilishwa kuwa nextstep au 44bsd, zinafunguka diski za koo nyingine. Herufi mbili za kutosahau ni ro, yaani kusoma tu. Wenye Linux wenyewe wameutenga uwezo wa kuandika kwenye mfumo huu na kuupachika onyo kwamba ni wa hatari. Hata kusoma kwenyewe kufanyike kwenye nakala: kwanza programu ya ddrescue inakili diski nzima, baiti kwa baiti, iwe faili moja, kisha kazi zote zifanyike juu ya faili hilo. Diski ya miaka 30 inaweza kuzunguka mara moja ya mwisho, na hiyo mara moja haifai kupotezwa kwa majaribio.

Ila wema huu wa Linux una kikomo. Kwa miaka mingi kiini chake (kernel) kilikuwa na sehemu iliyoitwa sysv, iliyosoma diski za mifumo ya ukoo wa Unix kama Xenix, Coherent, System V na hata Unix toleo la 7 la mwaka 1979. Mwaka 2025, katika toleo la 6.15, iliondolewa. Sababu yake inachekesha na kusikitisha. Mwaka 2002 kuna badiliko lililoingiza kosa katika namna sehemu hiyo ilivyosoma diski, kosa linalogusa kila usomaji na kila uandishi. Halikugunduliwa hadi 2023, tena na roboti iitwayo syzbot, ambayo kazi yake ni kukisumbua kiini kwa maelekezo ya ovyo ovyo. Miaka 21 bila mlalamikaji: wasimamizi wakahitimisha kuwa mtumiaji hayupo.

Wapo walionung'unika, lakini uamuzi ulikuwa sahihi. Kosa ndani ya kiini linaweza kuiangusha kompyuta nzima, na si haki kila simu na kila seva ibebe hatari kwa ajili ya diski zinazofunguliwa mara moja kwa muongo. Usomaji wa vitu vya kale unafaa ukae nje ya kiini, kwenye programu ya kawaida ambayo ikianguka inaanguka peke yake. Tangu 2005 Linux ina mlango wa kazi hiyo, uitwao FUSE.

Aliyepita mlango huo kwa ustadi ni Jay Logue, mwandishi wa retro-fuse. Hakutunga upya kanuni za Unix toleo la 6 na la 7. Alichukua msimbo wenyewe wa zamani, ambao kampuni ya Caldera iliuachia huru Januari 2002, akaurekebisha uendeshwe kama programu ya kawaida kwenye mashine za leo. Anayefungua diski kwa njia hiyo anasomewa na mzee mwenyewe.

Na mzee ana mambo yake. Katika toleo la 7 kila jina kwenye saraka lilipewa baiti 16: mbili za namba ya faili, 14 za jina. Herufi ya 15 ilikatwa kimya kimya. Karani angeandika faili la orodha-ya-mishahara, kesho akaunda jingine la orodha-ya-mishumaa, yote mawili yangeitwa orodha-ya-mish, na la pili lingelifuta la kwanza. Asiyejua hili atadhani diski imeharibika, kumbe mishahara iliondoka siku ileile ya mishumaa.

Thamani ya diski hizi si ya kubuni. Mwaka 2013 maabara ya CERN ilipoanza kuurejesha ukurasa wa kwanza wa wavuti, nakala kongwe iliyokuwa nayo ilikuwa ya 1992. Ya 1991 ilikuwa Marekani, kwa Paul Jones wa Chuo Kikuu cha North Carolina, kwenye mashine yake ya NeXT.

Kwa hiyo ofisi yenye kabati la diski zilizoandikwa "usiguse" haijahifadhi kitu, imeahirisha tu. Ifanye mambo mawili mwaka huu: inakili kila diski, na iandike kando ya nakala ilitoka mashine gani na mfumo gani. Mstari huo mmoja wa maelezo utamwokolea fundi wa mwaka 2040 wiki nzima. Wanaodhani hili ni la Unix ya mababu peke yake waangalie XFS, mfumo wa mafaili unaotumika kwenye seva nyingi: muundo wake wa toleo la 4 umepangiwa kuondolewa kwenye Linux Septemba 2030.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla nakala haijagawiwa: nywila zilizobaki ndani. Katika mafaili ya kale ya BSD mlikuwemo faili la nywila za waasisi wa Unix, zikiwa zimefichwa kwa mbinu ya wakati huo. Nyingi zilivunjwa mapema, lakini ya mmoja wao, Ken Thompson, ilikataa hadi 2019, Nigel Williams alipoivunja baada ya kadi ya michoro kuhangaika siku zaidi ya nne. Ilikuwa p/q2-q4!, yaani hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji: kitunda cha mbele ya malkia, nyumba mbili. Thompson, aliyewahi kuunda mashine ya sataranji iitwayo Belle, alijibu kwa neno moja la pongezi.