Daftari la Zamu Kabla ya Mashine

Hivi karibuni nilipita Tunduma, na muuguzi mmoja akaniuliza swali ambalo halijanitoka moyoni: "Dokta, hivi huko vyuoni kwenu hakuna kipimo cha kumthibitishia mkubwa wangu kuwa mtu amechoka?"

Kipimo kipo, ila kwa kiasi. Tangu Mjerumani Hans Berger aliponasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, wataalamu huyasoma mawimbi hayo kupitia vinasio vinavyobandikwa kichwani. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa kwa watu waliochoshwa na kazi kupita kiasi, wimbi linalojitokeza takriban milisekunde 300 baada ya ishara inayodai umakini huwa dhaifu. Hata hivyo, tafiti hizo ni za watu wachache, na matokeo yake hayalingani daima. Hakuna daktari awezaye kutazama mawimbi hayo peke yake akatamka: huyu amechoshwa na kazi.

Binafsi sisikitiki. Kipimo cha kichwani humtazama mtu na kuiacha kazi yake bila kuulizwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kuwa hali hii ni jambo la kikazi, si ugonjwa. Chanzo chake ni msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa.

Basi tupime kazi. Mkoa wa Songwe una mpaka ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo hayaujui usiku wala Jumapili, na wanaouhudumia ni binadamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo: saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Kuhesabu saa hakuhitaji mashine. Daftari la zamu linatosha.

Nilipomweleza hivyo, muuguzi alicheka. "Daftari lenyewe analiandika huyo huyo mkubwa."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Uchovu haukosi ushahidi; ushahidi umo mikononi mwa anayeusababisha. Ratiba za zamu na zibandikwe ukutani, saa halisi zisainiwe na mfanyakazi mwenyewe, na nakala abaki nayo. Asiyeamini daftari hataamini hata mawimbi ya ubongo.