Kutazama Ndege Si Kupoteza Wakati

Wako watu wanaocheka wasikiapo kwamba watu wazima wamefunga safari, wakaamka kabla ya jogoo, wakakanyaga tope hata magotini, ili kutazama ndege tu, si kuwatega wala kuwala. Huiona kazi hiyo kuwa ni ya wasio na kazi. Mimi nasema sivyo, nami nitaeleza kwa nini.

Magharibi ya Kenya, mahali Mto Yala unapokaribia kuingia katika Ziwa Viktoria, pana kinamasi chenye mafunjo marefu kuliko mtu. Ukubwa wake wapata hekta 17,500, wala katika Kenya yote hakuna kinamasi cha mafunjo kikipitacho. Kando ya mafunjo hayo mna maziwa madogo, na moja laitwa Kanyaboli. Huko tulikwenda watu wanane kwa mitumbwi miwili, asubuhi kulipopambazuka.

Tulipokuwa tukishuka kwenda majini, mzee mmoja aliyekuwa akikata mafunjo ya kutengenezea mikeka alituuliza, "Wanangu, mmepotelewa na nini?" Tukamjibu, "Hatukupotelewa na kitu, mzee. Twataka kuona ndege." Akacheka, akasema, "Ndege wapo siku zote, lakini mtoto hashibi kwa kutazama." Neno lile lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa na kweli ndani yake.

Basi tukaenda kimya kimya. Tulimwona mdiria akijitupa majini kama jiwe, akatoka na kisamaki mdomoni. Tulimwona na ndege yule mwenye vidole virefu, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi asizame. Naye ana desturi ya ajabu, maana dume ndiye aatamiaye mayai na kulea makinda, na hatari ikija huwachukua chini ya mabawa yake. Kisha tukasikia sauti mbili zikijibizana ndani ya mafunjo. Mwenzetu mmoja alisema, "Nimemwona, ni mweusi." Wa mtumbwi wa pili akasema, "La, ni mwekundu." Karibu wagombane, hata ndege akageuka, tukaona sote: mgongo mweusi, kifua chekundu, na utosi wa manjano. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, lakini alikuwa ameona upande mmoja tu. Hiyo ndiyo faida ya kwenda pamoja: jicho la mwenzako hukamilisha lako, nawe hujifunza kutoshindana kabla hujaona kitu kizima.

Ndege huyo hakai porini wala mashambani. Makao yake ni vinamasi vya mafunjo tu, katika nchi zilizo karibu na Ziwa Viktoria na sehemu nyingine chache za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mafunjo yakiisha, hana pa kuhamia. Mbayuwayu wa Ulaya huruka maelfu ya maili akikimbia baridi, lakini huyu hana nchi ya pili.

Lakini je, tumjibu nini yule mzee? Yafaa tumjibu kwa haki. Katika miaka ya 1960 watu walichimba mifereji, wakakausha sehemu ya kinamasi hicho, hekta 2,300 hivi, ili walime. Hawakuwa watu wabaya. Mahindi ni chakula, na mwenye njaa haambiwi angoje. Wala sisemi kwamba ndege ni bora kuliko mtoto wa mtu.

Nasema hivi: aliyekiita kinamasi ardhi bure hakukitazama vizuri. Mto hushuka kutoka nchi ya juu ya Nandi umebeba udongo. Mafunjo huuzuia mwendo wake, udongo ukatua, na maji yakaingia ziwani yakiwa safi zaidi. Tena, katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria, akawala samaki wengi wa asili. Ngege wa zamani, aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu, karibu apotee kabisa katika ziwa lile kubwa. Lakini katika Kanyaboli, nyuma ya ukuta wa mafunjo, alisalia. Basi kinamasi kile kile kimtunzacho ndege mwekundu kimemtunza na samaki wa watu, na mikeka ya mzee yatoka humo humo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Adhuhuri tuliporudi tulimkuta mzee akifunga mizigo yake, tukamweleza tuliyoyaona. Hakucheka tena. Alinyosha mkono kuelekea shamba la mahindi, akasema, "Nilipokuwa kijana, mafunjo yalifika kule. Wala hatukuona yakipungua, kwa sababu hatukuwa tukitazama." Hapo ndipo nilipopata jibu nililolitafuta tangu alfajiri, naye ndiye aliyenipa. Mtu hawezi kulinda asichokijua, na kujua huanza kwa kutazama.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, nawashauri mwende. Si lazima mwende Yala. Karibu na shule nyingi pana bwawa, au kijito, au shamba la mpunga. Nendeni wachache pamoja na mwalimu, asubuhi mapema. Msivae nguo za kung'aa, msipige kelele, msirushe jiwe wala kugusa yai. Chukueni daftari, mwandike siku, mahali, aina ya ndege na hesabu yake. Mwaka wa pili rudini siku ile ile, mkahesabu tena. Wakipungua, ulizeni sababu. Nanyi mtakuwa na neno la kuwaambia wakubwa, lenye hesabu ndani yake.

Mwenyezi Mungu aliyetuumba hakuyapamba mafunjo kwa ndege mwekundu ili sisi tupite tumeinama. Alitupa macho, na siku moja atatuuliza tuliyatumiaje.