Adapta ya Mchezo wa Mtoto: Kuingia Si Kufaa

Wazazi wenzangu wa Ngara na Biharamulo, betri za mchezo wa mtoto zikiisha kila wiki, mzazi huona nafuu kununua adapta. Nafuu hiyo isitughafilishe. Umeme wa Rusumo ukifika ukutani ni volti 230. Mchezo wa betri nne ndogo zilizopangwa mfululizo huhitaji volti 6 tu. Adapta ndiyo mlinzi baina ya viwili hivyo.

Muuzaji husema, “Inaingia, chukua.” Kuingia si kufaa. Soma maandishi yaliyo karibu na tundu la mchezo, uyalinganishe na ya adapta. Volti ziwe sawasawa. Ampea ziwe sawa au zizidi, kwani mchezo huvuta kiasi unachohitaji. Zikipungua, adapta huchemka. Tazama pia mchoro wa chanya na hasi: zikipishana, mchezo waweza kuungua.

Adapta ikipata joto kali au kutoa harufu, zima swichi, uichomoe, usiirudie. Wala isiachwe juu ya godoro usiku. Watoto ni amana. Tusiwawekee moto kitandani kwa kuokoa shilingi chache.