Ardhi Haiozi, Lakini Mchoro Unaoza

Ukikaa kwenye kikao cha halmashauri siku linapoletwa ombi la kuongeza muda wa mradi wa viwanja uliokwama, utasikia hoja moja ikirudiwa na watu wa kila upande. Diwani ataisema, mwakilishi wa kampuni ataisema, hata mnunuzi aliyemaliza awamu zote na bado hana hati ataisema kwa unyonge: waongezewe tu, kwani nani anaumia? Shamba liko palepale, bikoni zipo, na ardhi haiozi.

Imani hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayedai ithibitishwe. Mimi naipinga kuanzia mzizi wake. Kuongeza muda wa mradi uliolala ni uamuzi mzito kama ule wa kuuidhinisha mara ya kwanza, na wanaoulipia ni watu ambao hawakuitwa kikaoni.

Tuanzie Kigamboni, Dar es Salaam. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba eneo lile, ng'ambo tu ya kivuko, litakuwa mji mpya wa kisasa, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kusubiri mpango. Zuio lilielezwa kuwa la muda. Muda ukasogezwa, ukasogezwa tena. Mawaziri wakapokezana wizara, wakala wa kusimamia mji ukaundwa, michoro ikaonyeshwa ikiwa na maghorofa na barabara pana. Mwishoni wakala ukavunjwa na mji ule haujaonekana. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, lilikuta watu ambao kwa miaka walikuwa wameishi katika nyumba zisizoruhusiwa kuongezwa hata chumba kimoja. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2008 alikuwa ameshamaliza shule ya msingi. Baba aliyepanga kujenga vyumba vya kupangisha ili avitegemee uzeeni alikuwa ameshaufikia uzee wenyewe. Nani anaumia? Hao.

Wapo watakaosema Kigamboni ulikuwa mradi wa Serikali, mkubwa mno, hauwezi kufananishwa na kampuni iliyopima ekari 50 huko pembezoni ikauza kwa awamu. Ukubwa unatofautiana, lakini jambo ni lile lile: mtu mmoja ameshika karatasi iliyoidhinishwa, na kwa nguvu ya karatasi hiyo wengine wote wamesimamishwa. Mnunuzi hawezi kujenga kwa sababu barabara haijachongwa. Hawezi kukopa kwa sababu hana hati. Mwenye shamba la jirani hajui barabara ya mradi itapita wapi, kwa hiyo naye anasita. Shirika la maji halipeleki bomba mahali pasipo na nyumba, na nyumba hazijengwi mahali pasipo na bomba.

Kinachoshangaza ni kwamba sheria zetu zenyewe zinakubali kuwa karatasi huchakaa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia uliokaa miaka miwili bila malipo hauna nguvu tena, lazima urudiwe. Sababu iko wazi: bei hubadilika, na kumlipa mtu mwaka huu kwa thamani ya miaka iliyopita ni kumdhulumu. Mmiliki wa kawaida naye hana muda wa kuchezea. Masharti ya hati humtaka akamilishe jengo ndani ya miezi 36, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatoa njia ya kumfutia miliki akikiuka. Kwa hiyo mwalimu mwenye kiwanja kimoja ana saa inayohesabu, na mwenye viwanja 400 anaandika barua ya ukurasa mmoja akiomba aongezewe, anaongezewa. Sijawahi kusikia maelezo ya haki juu ya tofauti hii.

Tazama mchoro wenyewe. Fundi mipango alipouchora, kila kitu kilikuwa na mahali pake: hapa shule, hapa soko, hapa zahanati, hapa eneo la wazi, hapa njia ya maji ya mvua. Miaka kumi ikipita bila ujenzi, eneo la wazi linapata kibanda cha mbao, kisha kinyozi, kisha nyumba ya tofali yenye mita ya umeme. Mahali pa soko panageuka machimbo ya mchanga. Na huku pwani mito haikai ilipochorwa. Kingo za Mto Tegeta, Mto Mbezi na Mto Mpiji zimeliwa na mafuriko hadi nyumba zilizojengwa mbali na maji zikajikuta ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zinapimwa kutoka ukingo upi, wa siku mchoro ulipopitishwa au wa leo? Halmashauri inayoongeza muda bila kumrudisha mpima uwandani imeshachagua jibu, na yupo mtu atakayejenga juu ya jibu hilo.

Hata bikoni, ambazo kila mtu anazitaja kama ushahidi kwamba mambo yako salama, hazidumu. Bikoni ni kipande cha zege kilichofukiwa, chuma kikichomoza katikati, na namba juu yake. Mvua za misimu michache zinaifunika mchanga, nyasi zinaota, lori la kokoto linaikanyaga ikalala upande. Nyingine hung'olewa usiku na mtu anayejua anachofanya. Mnunuzi akija baadaye na kamba yake anakuta pembe mbili kati ya nne, na ili azipate zilizobaki inabidi alipe upya kufufua mipaka ya kiwanja alichokwisha kukilipia. Jirani naye anaonyesha mpaka mwingine. Hapo ndipo kesi za baraza la ardhi huanzia.

Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002 kwa mkopo wa Hazina, ulifanya jambo kubwa ambalo halikuwahi kufanyika kwa kiwango kile: ulipima kwanza, watu wakafuata baadaye. Naupongeza bila kusita. Lakini kasi ya ujenzi ilifuata huduma. Penye barabara, maji na umeme nyumba ziliota haraka. Penye viwanja vitupu, kama ilivyokuwa kwa muda mrefu katika sehemu za Buyuni, vichaka vilirudi na viwanja vikawa akiba ya watu wanaosubiri bei ipande. Kuvipa viwanja hivyo muda zaidi peke yake kusingepeleka bomba hata moja.

Wenzetu Marekani wamelipitia hili kwa gharama kubwa. Soko la nyumba lilipoanguka, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2008, 2009, 2011 na 2013, kila moja ikirefusha uhai wa ramani za viwanja zilizokuwa bado hai, na ramani iliyonufaika na zote nne iliongezewa jumla ya miaka saba. Katika kaunti ya Teton, jimbo la Idaho, walichukua njia nyingine. Huko kulikuwa na maelfu ya viwanja vilivyopimwa na visivyojengwa, katika kaunti yenye wakazi wapatao 10,000 tu. Mwaka 2010 kaunti ilitunga kanuni ya kuwaruhusu wenye miradi iliyokwama kuichora upya au kuifuta. Mradi mmoja wa viwanja 350 ulipunguzwa hadi 21, na gharama ya barabara na huduma, iliyokadiriwa kuwa dola milioni 24, ikashuka hadi kama dola 800,000. Mwekezaji alipata mradi anaoumudu, na kaunti ikaepuka barabara ambazo ingelazimika kuzitunza bila walipa kodi wa kutosha. Nafuu hiyo haikuja kwa kuongeza miaka kwenye mchoro wa zamani. Ilikuja watu walipokubali kwamba mchoro ule umekufa.

Najua jibu la wenye kampuni. Watasema ucheleweshaji si wao: faili lilikaa wizarani, riba ya benki ilipanda, mvua iliharibu barabara. Mara nyingi wanasema kweli, na mwenye sababu ya kweli asinyimwe. Ila sababu iletwe kwa maandishi, na ikaguliwe uwandani, mbele ya waliolipa pesa zao. Kikao kinachopitisha ombi bila kumsikiliza mnunuzi hata mmoja kinawezaje kujua kama mradi umechelewa au umetelekezwa?

Kwa hiyo ombi likifika mezani, kamati ya mipango miji idai vitu kabla ya kuhesabu miezi. Barabara kuu ya mradi ichongwe kwanza, ndipo muda uongezwe. Pesa za wanunuzi wapya ziwekwe kwenye akaunti ambayo kampuni haitoi shilingi mpaka hati zianze kutoka. Mpima arudi, bikoni zifufuliwe kwa gharama ya aliyechelewesha, na maeneo ya shule na soko yakabidhiwe halmashauri siku hiyo hiyo badala ya kuachwa mikononi mwa muuzaji. Nyongeza iwe moja. Ikiisha bila kazi kuonekana, sehemu isiyouzwa ichorwe upya kwa mahitaji ya leo.

Na pale aliyechelewesha ni Serikali yenyewe, kwa kutopeleka maji au kwa kukalia faili, ile miezi 36 ya mnunuzi isianze kuhesabiwa mpaka siku anapokabidhiwa kiwanja kinachofikika kwa gari.