Kompyuta ya zahanati haijui kusema "sina hakika"

Najua nimepotea kwa muda. Kazi zilinilemea, na ndizo hizo hizo zilizonipa mada ya leo. Wale mliokuja kutafuta habari za simu mpya mtanisamehe, maana leo nataka tuzungumze juu ya vipele. Ndiyo, vipele vya ngozini.

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulipata kazi ya kutengeneza programu ya rekodi za wagonjwa kwa kituo kimoja kidogo cha afya (jina naliweka kando). Si kazi ngumu. Mgonjwa anaandikishwa, tabibu anamwona, anachagua ugonjwa kwenye orodha, anaandika dawa, basi. Orodha yetu ilifuata misimbo ya ICD-10, ile inayotumika karibu dunia nzima. Kwa kuwa tabibu ana foleni ndefu mlangoni, nikajiona mjanja: ukiandika herufi tatu tu, programu inakuletea juu kabisa ule ugonjwa ambao umechaguliwa mara nyingi zaidi. Tena nikaifanya sehemu hiyo kuwa ya lazima. Usipochagua ugonjwa, rekodi haihifadhiki.

Miezi kadhaa baadaye nikaombwa nitoe hesabu za magonjwa kutoka kwenye hifadhidata. Malaria sawa, kuhara sawa. Kufika kwenye ngozi nikashangaa: msimbo mmoja, L30.9, yaani ukurutu usiobainishwa ni wa aina gani, ulikuwa umemeza karibu kila kitu. Nikadhani kuna kosa kwenye programu. Na kwa kweli lilikuwepo, ila mwenye kosa ni mimi. Kilicho juu ya orodha ndicho kinachobofywa na mtu mwenye haraka, na kila kinapobofywa kinazidi kukaa juu. Nilikuwa nimeunda mashine ya kuzalisha ukurutu!

Nikafungua faili moja moja. Nitawapa moja tu, bila jina. Mtoto mdogo, mahudhurio matano katika miezi minne. Mara ya kwanza mzio. Ya pili ukurutu. Ya tatu fangasi. Ya nne ukurutu tena. Ya tano, tabibu mwingine akamuuliza mama: nyumbani nani mwingine anajikuna usiku? Mama akajibu, sote. Basi ule ulikuwa upele, ule wa kidudu kisichoonekana kwa macho kinachochimba ndani ya ngozi, B86 kwa lugha ya misimbo. Huwezi kuutibu kwa mtoto mmoja. Watu wote wa nyumba wanapakwa dawa kwa pamoja, la sivyo unarudi. Kwa miezi minne familia nzima haikulala, mtoto anapakwa krimu ya steroidi inayotuliza mwasho kidogo na kuficha ugonjwa, na kwenye hifadhidata yangu yote yalionekana safi. Kila sehemu imejazwa, hakuna hata nafasi moja tupu. Mtu angesema hizo ni data nzuri.

Na upele si jambo la kuchekea. Vidonda vya kujikuna vikiingiwa na bakteria vinaweza kufika mpaka kwenye figo. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017.

Nilipompelekea yule tabibu mkubwa wa kituo mambo haya, hakushtuka hata kidogo. Akaniambia, "Kijana, hii mashine yako inanilazimisha kudanganya. Kwenye karatasi nilikuwa naandika alama ya kuuliza mbele ya ugonjwa. Hapa nitaiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya chuo kikuu nimesoma jinsi ya kuzuia sehemu tupu kwenye jedwali, na hakuna siku mwalimu alituambia kwamba alama ya kuuliza nayo ni data.

Msidhani ni shida yetu peke yetu. Uingereza madaktari wa familia wametumia kompyuta kwa miongo mingi, na watafiti wanategemea sana rekodi hizo. Mwaka 2017 kundi moja lilichapisha kazi ya kupima ukweli wa rekodi za ukurutu. Waligundua kwamba ukichukua wagonjwa wenye angalau msimbo mmoja wa ukurutu, na juu yake dawa za ngozi mara mbili, asilimia 86 hivi kweli wana ugonjwa huo. Ni kazi safi, lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, aliyeulizwa kuthibitisha alikuwa daktari wa familia yule yule mwenye faili, si bingwa wa ngozi. Pili, mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu kule dawa zinaandikwa ndani ya mfumo ule ule. Hapa kwetu mgonjwa ameshapitia duka la dawa kabla hajafika kwa tabibu, amenunua ile tyubu yenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria vyote vimechanganywa pamoja, na choa kilichokuwa duara zuri la kwenye kitabu sasa hakina umbo. Tukiiga hesabu yao tutapata namba, ila sijui itakuwa namba ya nini.

Halafu kuna ngozi yenyewe. Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa. Na kuna lugha: mama akisema "upele", anaweza kumaanisha ule wa kidudu, au chunusi, au vipele vya joto. Aliyetafsiri orodha yetu (mimi tena) aliandika "upele" pale kwenye B86 na kuona kazi imeisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho lilikuwepo tangu zamani, tena nyumbani. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa mwaka 2001. Kutoka kwenye kazi hiyo ya Eldoret ndipo OpenMRS ilipozaliwa, programu huria ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake. Ndani ya OpenMRS kuna mahali pa kusema ugonjwa umethibitishwa au unadhaniwa tu. Kiwango cha FHIR nacho kina nafasi ya kusema umekanushwa. Watu walishafikiria. Sisi wenye programu ndogo ndogo tunaona ni mbwembwe, tunaondoa ili skrini ipendeze.

Najua mtu ataniambia: lakini ripoti ya wizara haitaki alama za kuuliza. Ni kweli, kwenye fomu ya MOH 705 magonjwa ya ngozi yote yanaingia mstari mmoja (funza wamepata wao, hongera kwao), kwa hiyo kwa ripoti ya mwezi kosa langu halikuonekana kabisa. Ukurutu, upele, mapunye, vyote mstari huo huo. Lakini rekodi ipo pia kwa ajili ya tabibu wa ziara ya pili, aone kwamba wa kwanza hakuwa na hakika, ili aanze kuuliza upya. Yule tabibu wa tatu aliyeandika fangasi alikuwa anasoma "ukurutu" kana kwamba mtu amepima.

Na siku hizi kila kijana mwenye kompyuta anataka kufundisha akili mnemba kutambua magonjwa ya ngozi kwa picha. Wawili wameshaniuliza kama kituo kinaweza kuwapa data. Nimekataa. Wakifundisha mashine kwa rekodi zangu za mwaka jana, itajifunza vizuri sana kwamba Wakenya wote wana ukurutu usiobainishwa.

Kwa hiyo nimebadilisha mambo matatu. Orodha haipangwi tena kwa umaarufu. Kila ugonjwa unachaguliwa pamoja na kiwango cha uhakika, na kuna chaguo la "haijulikani bado". Na mgonjwa wa ngozi akirudi ndani ya siku sitini, programu inamuuliza tabibu kama ugonjwa wa mara ya kwanza bado unasimama au umekanushwa, na inamkumbusha kuuliza nani mwingine nyumbani anajikuna.

Mabadiliko haya yameanza kutumika wiki tatu zilizopita. "Haijulikani bado" sasa ndiyo inayoongoza kwa upande wa ngozi. Jana msimamizi wa kituo alinipigia simu kuuliza kama programu imeharibika.